Mwezi wa Nani?

Jioni ya Ijumaa, tarehe 1 Agosti 2014, babu mlinzi alibisha hodi kwenye kibanda chetu cha ofisi pale saiti. Mkononi alishika daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Sote tulimwita babu, na sikuwahi kumwona akiingia mle ndani bila kuitwa. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba, akakaa kwenye ukingo wa benchi, akalamba kidole na kufungua ukurasa wa katikati.

Ukurasa ulikuwa na mistari ya kalamu ya risasi, mmoja chini ya mwingine, na mbele ya kila mstari kaandika 2. Alikuwa akijenga nyumba kwao Handeni. Nyumba ilitaka mabati ishirini na manne, na mwenye duka la vifaa alikubali wauziane kidogo kidogo: kila mshahara ukitoka, babu ananunua mawili na kuyaacha palepale dukani mpaka yatimie. Miezi kumi na miwili, mabati ishirini na manne.

Mistari ilikuwa kumi na mmoja.

“Mliniambia miezi kumi na miwili,” alisema taratibu, kama mtu anayeogopa kumkosea mwenzake adabu. “Leo naambiwa nirudishe tochi na koti. Nimehesabu mara tatu, napata mishahara kumi na mmoja na hii siku moja ya leo. Mwanangu, wewe ndiye mwenye kompyuta. Huo mwezi mmoja umekwenda wapi?”

Sikuwa na jibu. Nilimwambia aniachie hadi Jumatatu nitazame. Alifunga daftari, akanishukuru, akatoka. Jibu nililipata usiku uleule, na tangu siku hiyo sijaweza kutamka neno “mwezi” kazini bila kusita kidogo.

Tulikuwa tumejenga bweni la wasichana. Jengo lilikabidhiwa Jumatatu, tarehe 2 Septemba 2013, na mkataba ukaingia kipindi cha matazamio cha miezi kumi na miwili. Wanaofanya kazi hizi wanakijua: mkandarasi amekwisha kuondoka na winchi zake, lakini bado anadaiwa. Plasta ikipasuka, arudi. Choo kikivuja, arudi. Sehemu ya fedha yake imezuiliwa mpaka kipindi kiishe, na yeye huacha stoo ndogo ya vifaa na mtu wa kuilinda. Mtu huyo ndiye alikuwa babu.

Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa ratiba. Kwenye programu niliandika kazi ya mwisho kabisa, “Kipindi cha matazamio”, na kwenye safu ya muda nikaandika 12mo. Programu ikachora mstari mrefu wa buluu na kuweka tarehe ya mwisho: 1 Agosti 2014. Sikuitazama mara ya pili. Nilichapa karatasi, nikaipeleka kwa mhasibu, naye akaitumia kuandika ajira ya mlinzi. Masikioni mwa babu iliingia miezi kumi na miwili, kwa maneno. Alichotia saini kilikuwa tarehe mbili.

Programu haikukosea. Ilifanya nilichoiambia, ila mimi na yenyewe hatukuwa tukisema jambo moja. Programu za ratiba nyingi haziujui mwezi kama unavyoujua wewe unayengojea mshahara au unayelipa kodi ya chumba. Microsoft Project, kwa mfano, ukiwa hujagusa mipangilio yake, huhesabu mwezi kuwa siku 20 za kazi, na siku ya kazi kuwa saa 8. Mwezi mmoja ni saa 160, basi. Na ukiingia ndani zaidi hata saa hizo hazipo. Kinachotunzwa ni dakika, 9,600 kwa kila mwezi ulioandika, na neno mwezi ni vazi tu ambalo dakika hizo zimevishwa ili wewe usishtuke. Ukiingia kwenye mipangilio na kubadilisha 20 iwe 22, tarehe zako za zamani hazisogei. Kinachobadilika ni vazi: kazi uliyoiandika kuwa ya mwezi mmoja itaanza kusomeka kuwa ya miezi 0.91.

Kwa kupimia jasho la watu, kipimo hicho kinafaa. Fundi akisema kupiga plasta ghorofa nzima kutamchukua mwezi, anamaanisha takriban wiki nne za kazi, tano-tano. Siku ishirini. Lakini matazamio si kazi. Hakuna anayeyafanya. Ni muda unaopita wenyewe, Jumamosi na Jumapili, Sabasaba na Nanenane, watu wamelala au wameamka. Miezi kumi na miwili ya siku ishirini ni siku 240. Ukizigawa kwa wiki za siku tano unapata wiki 48. Wiki 48 ni siku 336. Mwaka una siku 365. Siku 29 zilikuwa zimeanguka katikati ya neno moja.

Ofisini hasara ilikuwa ndogo. Kampuni ilikuwa imeshaandika barua ya kuomba ukaguzi wa mwisho na kuachiliwa kwa fedha iliyozuiliwa. Mhandisi mshauri akairudisha na mstari mmoja wa kalamu nyekundu, kwamba matazamio yanaisha tarehe 1 Septemba, siyo kabla. Tukaandika barua nyingine. Karatasi moja ilitupwa, nyingine ikachapwa. Kwa babu, mwezi ule ulikuwa mabati mawili.

Zege ndilo lililonifundisha kwanza tofauti hii, miaka mingi nyuma, ila nililisikiliza kwa sikio moja. Ukimwaga jamvi leo, nguvu ya zege inayopimwa kwa mkataba ni ile ya siku ya 28. Simenti na maji vinashikana usiku na mchana. Havijui kama leo ni Jumapili au Idi. Kazi yetu ni kumwagilia maji na kuacha mirunda mahali pake. Kijana mmoja aliyekuwa chini yangu aliwahi kuandika kwenye ratiba siku 28 za kawaida, programu ikazihesabu kuwa siku za kazi. Alianza Jumatatu, ikamletea Jumatano ya wiki ya sita: siku 38. Mirunda ya kukodi ikakaa siku kumi za ziada ikila fedha, na zege lilikuwa tayari zamani. Nilimfundisha aandike siku za mfululizo, zile zinazokimbia saa 24 bila kupumzika. Nilimfundisha vizuri kabisa. Haikunijia kwamba binadamu naye anao muda wa namna hiyo, unaokwenda bila kuuliza siku ya mapumziko: deni, mimba, njaa, kungoja.

Mwishoni mwa Julai 2017 baba yangu alifariki. Alifariki jioni, baada ya magharibi, na mwezi ulikuwa umeandama usiku huohuo. Ilikuwa mosi ya Mfungo Pili. Mama akaingia eda. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, kila mtoto wa pwani analijua hilo, na mimi niliporudi kazini baada ya arubaini nilifungua kalenda nikahesabu. Julai hadi Novemba, minne. Ongeza kumi. Nikaomba likizo kuanzia Jumatatu ya tarehe 4 Desemba, nikakata tiketi ya basi, nikanunua doti mbili za kanga nzuri ili nimvishe mama siku atakapotoka.

Katikati ya Novemba shangazi alinipigia simu.

“Unakuja lini?”

Nikamwambia tarehe nne.

Akanyamaza. Kisha akasema, “Mwanangu, tarehe hiyo mama yako atakuwa keshatoka, keshakwenda Maulidini, na keshaanza kuzoea. Unahesabu mwezi wa nani?”

Shangazi hakuwa na kalenda ya ukutani. Alikuwa na mlango wa stoo. Nyuma ya mlango ule, kila mwezi ulipoandama, alichora mstari kwa mkaa: Mfungo Tatu, Mfungo Nne, Mfungo Tano. Alikuwa akingojea uandame Mfungo Sita ili ahesabu siku kumi. Miezi yake ilikuwa ya siku ishirini na tisa au thelathini, jinsi mwezi wenyewe ulivyojaalia. Yangu ilikuwa ya thelathini na thelathini na moja. Kwa miezi minne tu tulikuwa tumeachana siku tano hivi, na siku hizo tano zingetosha nimkute mama ameshavuka kizingiti peke yake. Nilibadilisha likizo. Nilifika tarehe tisa ya Mfungo Sita, na kesho yake jua lilipozama nilikuwa nimekaa kando yake, kanga zimo mapajani mwangu.

Nilipokuwa nyumbani siku zile nilimsimulia shangazi habari ya babu na daftari lake. Nilitegemea atashangaa kwamba mashine inaweza kukosa mwezi mzima. Hakushangaa. Aliuliza tu swali la pili, ambalo mimi sikuwa nimelitarajia: “Na ungeiambia ihesabu siku zote, hata za kupumzika, ingefika?”

Isingefika. Hilo ndilo jambo lililonikaa moyoni. Programu ileile ina mwezi wa pili, mwezi wa mfululizo, na huo ni siku 30 kamili, Februari na Agosti sawasawa. Ukiandika kumi na miwili ya namna hiyo, unapata siku 360. Bado zinapungua tano.

Shangazi akacheka. Marehemu mume wake alikuwa nahodha wa jahazi, na wazee wa bahari walihesabu mwaka kwa miongo: kumi-kumi, kuanzia Nairuzi, siku ya kuoga mwaka, ile ambayo Makunduchi kule Unguja bado wanaisherehekea kila Julai na kuiita Mwaka Kogwa. Miongo thelathini na sita ni siku 360. Wazee walijua fika kwamba mwaka haujaisha hapo. Zilibaki siku tano, nao hawakuzificha ndani ya mwongo wowote wala hawakujifanya hawazioni. Waliziacha zisimame peke yake mwishoni, ndipo mwaka mwingine uanze. Hata mwaka wao wa siku 365 haukulingana sawasawa na jua, kwa hiyo Nairuzi imekuwa ikisogea polepole, siku moja kila miaka minne. Lakini kila siku ilihesabiwa, na kila mtu aliyesema “mwongo wa kumi” alieleweka na mwenzake bandarini na shambani.

Nimeifikiria sana hesabu ile. Siku tano ambazo programu yangu inazidondosha ndizo zilezile ambazo watu wasiokuwa na karatasi waliziona na kuzipa mahali. Sisemi wao walikuwa na akili kuliko sisi. Nasema walikuwa wanahesabu kwa ajili ya mtu wanayemfahamu: msafiri atakayerudi na kusi, mkulima atakayepanda. Anayehesabu namna hiyo hawezi kuziacha siku tano njiani, kwa sababu mwisho wa siku hizo kuna mtu amesimama anangoja.

Sheria nayo imehangaika na neno hili. Kenya na Tanzania zote zimeandika katika sheria zao za tafsiri kwamba mwezi ni mwezi wa kalenda, na hata hapo mambo hayaishi. Uingereza kuna kesi maarufu ya Dodds na Walker, iliyofika mpaka Baraza la Mabwana mwaka 1981. Mwenye nyumba alitoa notisi tarehe 30 Septemba. Mpangaji alikuwa na miezi minne ya kupeleka maombi yake mahakamani. Alipeleka tarehe 31 Januari. Akili ya kawaida inasema Septemba inaishia 30 na Januari inaishia 31, mwisho wa mwezi hadi mwisho wa mwezi. Majaji walisema hapana: miezi minne toka tarehe 30 inaishia tarehe 30. Alichelewa siku moja, akakosa. Kila nikiisoma namwona mtu yule akiwa na uhakika kabisa kwamba amewahi.

Na mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kujionea mwenyewe. Chukua tarehe 31 Januari ndani ya Excel, uiambie fomula ya EDATE iongeze mwezi mmoja. Mwaka usio mrefu, itakupa 28 Februari. Toka hapo ongeza mwezi mwingine: 28 Machi. Sasa rudi mwanzo, ongeza miezi miwili kwa mkupuo: 31 Machi. Aliyekwenda hatua kwa hatua amepoteza siku tatu, na kila hatua yake ilikuwa sahihi. Nilipoliona hilo mara ya kwanza niliwafikiria vibarua wanaoajiriwa kwa mikataba ya mwezi mmoja mmoja.

Nadhani ndiyo sababu wahandisi walioandika mikataba ya FIDIC, inayotumika katika miradi mingi mikubwa Afrika Mashariki, waliuepuka mwezi karibu kabisa. Notisi ya madai katika toleo la mwaka 1999 ni siku 28. Malipo ni siku 56. Siku yenyewe wameifafanua kuwa siku ya kalenda, na mwaka kuwa siku 365. Zamani niliona ni ukavu wa watu wa karatasi. Siku hizi naona ni heshima: hutaki mtu wa upande wa pili alale na mwezi wake na wewe ulale na wako, kisha mkutane asubuhi mmoja ameshapoteza.

Mimi nami nimeacha kuandika miezi. Muda wa kungoja nauandika kwa siku za mfululizo, nimezihesabu kwenye kalenda toka tarehe fulani hadi tarehe fulani, na mwisho wake naupigilia kwa tarehe, siyo kwa idadi. Ajira za walinzi na vibarua nazisoma kwa sauti mbele yao, tarehe na idadi ya mishahara, na ninamwomba kila mmoja anihesabie yeye. Inachukua muda. Kijana wa ofisini aliwahi kuniambia kwamba nachelewesha watu. Nilimwambia akae, tuhesabu pamoja, na alipofika mshahara wa saba alikuta mimi ndiye niliyekosea.

Sijamaliza habari ya babu.

Jumatatu ile ya Agosti nilikwenda kwa mkurugenzi na kalenda ya ukutani mkononi. Alikubali bila ubishi: babu arudi, amalizie mpaka tarehe 1 Septemba. Lakini babu alikuwa ameondoka Jumamosi alfajiri. Aliambiwa arudishe tochi na koti, akavirudisha, akapanda basi. Simu yake haikupatikana, na mshahara wa mwezi ambao hakuufanya kazi kampuni haikuona sababu ya kuulipa. Sikuwalaumu. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa na umbo na bei ninayoijua: mabati mawili ya geji 30.

Nilikwenda mwenyewe, wiki ya pili ya Oktoba, kabla ya vuli kushika. Kijijini walinielekeza mara moja. Nyumba ilikuwa imeezekwa, inang'aa, ila kona moja ya nyuma alikuwa ameziba kwa madebe yaliyokunjuliwa na kugongwa misumari, na juu yake ameweka mawe ili upepo usiyabebe. Babu alinipokea kama mgeni wa heshima. Alimwita mjukuu alete kiti, akaniuliza habari za bweni, kama lile bomba la upande wa jikoni bado linavuja. Sikujua nianzie wapi. Nilimweleza yote, mwezi wa siku ishirini na mwezi wa siku thelathini na moja, nikiwa nimesimama uani na mabati mawili yamefungwa kwa kamba juu ya bodaboda nyuma yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

Kisha akaingia ndani. Nilimsikia akifungua sanduku. Alitoka na daftari lile, akakaa kwenye kizingiti, akalamba kidole, akafungua ukurasa wa katikati, na chini ya mstari wa kumi na moja akachora mwingine.